Bangili ya Bi Harusi na Shanga za Bibi

Kama wewe ni mgeni kwenye ukurasa huu, vuta kiti. Nitakupa ya nyuma kwa mkato, maana ya leo ni mazito.

Naitwa Mashavu Mhina. Nyumbani Kwamsisi, kazini Korogwe mjini. Nina diploma ya maendeleo ya jamii ambayo mpaka leo haijaniendeleza mimi. Ninachokula kinatoka kwenye vidole vyangu. Nachukua vitu vikongwe vilivyosahauliwa: heleni iliyopoteza mwenzake, senti ya mkoloni yenye tundu katikati, gurudumu la saa iliyokufa. Navining'iniza kwenye mnyororo mwembamba, vinakuwa bangili. Kila kining'inio na hadithi yake. Mteja hanunui bangili tu, ananunua na umbea wake.

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama mlangoni kwa Mama Gerald, mfuko wa vikorokoro kutoka Dindira begani, mdomo wazi. Kwenye meza yangu, koleo langu mkononi, alikuwa amekaa Paulina. Paulina yule yule niliyemfundisha mimi kukunja waya.

Na Mama Gerald, mwenye duka, akatutamkia sote wawili bila kupepesa. Bintiye Catherine anafanyiwa sendofu Jumamosi. Kila mmoja wetu atengeneze bangili. Itakayovaliwa na Catherine ukumbini, aliyeitengeneza anabaki na kabati la vioo pale mbele ya duka. Mwingine ahamishe vyombo vyake.

Kabati lile ndilo lililonitoa chini, kwenye turubai na vumbi la stendi. Nililisafisha kwa mikono yangu likiwa bado lina harufu ya sabuni za magendo. Nilikuwa tayari kumuuma mtu.

Tuendelee.

"Karibu, dada Mashavu," Paulina akasema. "Pole na safari. Nimekuwekea chai kwenye chupa."

Ndivyo alivyo. Anakunyang'anya kiti, kisha anakumiminia chai.

"Koleo hilo ni langu."

"Samahani, dada. La kwangu limelegea."

"Kila cha kwako kimelegea isipokuwa mikono."

Akacheka, akidhani namtania. Kumbe ndiyo kweli yenyewe, na ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi. Mimi nakunja kipete cha waya, nakikunjua, nakikunja tena ndipo kinakaa. Paulina anakibana mara moja tu, hata hakiangalii, huku anaimba nyimbo zao za kwaya ya Lutindi.

Nikainama kuiona bangili yake.

Ilikuwa nzuri. Sitaki kusema, lakini nimeapa kuwaambia yote. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilitamani idondoke chini ikanyagwe na ng'ombe.

Kulikuwa na kifungo cha shaba, na heleni moja, na kijifunguo cha sanduku. Halafu, pembeni karibu na kifungio, shanga nyekundu. Ndogo, za kioo kile cha zamani ambacho hakitengenezwi tena.

Nikazishika. Upande mmoja zilikuwa zimelika, zimekuwa bapa na laini. Nikazinusa. Mafuta ya nazi yaliyozeeka.

Wanawake wenzangu mnaosoma hapa, nyie mmeshajua. Shanga ya shingoni hailiki namna ile. Ile inalikia kiunoni, katikati ya ngozi na kanga, miaka na miaka. Huku kwetu shanga za namna hiyo hazioni mtu isipokuwa mume, na mume mwenyewe taa ikiwa imepunguzwa. Haziuzwi sokoni. Hazitajwi. Bibi akizeeka humwita mjukuu wake wa kike nyuma ya mlango, anamfumbatisha mkononi, kimya, yamekwisha. Hakuna maelezo. Asiyejua, haambiwi.

Na Paulina hakujua. Amelelewa nyumbani kwa mwinjilisti, huko viuno havizungumzwi kabisa.

"Mdogo wangu," nikasema kwa sauti ya asali, "hizi umezipata wapi?"

"Kwamsisi, dada. Nimepewa na Bibi Mwaija."

Nikaziachia zile shanga.

Bibi Mwaija ni bibi yangu mimi. Mama mzaa mama yangu. Mimi ndiye niliyempeleka Paulina kule mara ya kwanza, kumwonyesha namna ya kuomba vitu vya zamani kwa wazee bila kuwaudhi.

"Alikupaje?"

"Tulikuwa ndani, akanifumbatisha tu. Nikamuuliza ni za nini, akacheka, akaniambia nikachote maji. Bibi naye!" Akatabasamu. "Nikaona vitu vizuri hivi visikae bure. Kwani zina ubaya?"

Hapo, wasomaji wangu. Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja tu: zitoe. Angezitoa, angenishukuru, angenimiminia chai nyingine.

Lakini nilikuwa nawaza mambo mengine. Nilikuwa nawaza nilivyosubiri nyuma ya mlango ule tangu nilipovunja ungo. Nilivyokwenda chuo, nikarudi, nikasubiri. Hakuna mtu anayeomba shanga kwa bibi yake, unasubiri uitwe. Sikuitwa. Akaitwa mtoto wa mwinjilisti, akazikata uzi, akazitundika kwenye bangili ya mteja.

"Hazina ubaya wowote," nikasema. "Ila umezificha huko pembeni. Zisogeze katikati, zionekane. Ndizo zitakazokupa kabati."

"Kweli, dada?"

"Nimeshawahi kukudanganya?"

Akachukua koleo langu, akazisogeza katikati.

*

Usiku ule sikulala. Kulipokucha nikapanda basi, nikashuka barabara kuu, nikachukua bodaboda ya kuingia Kwamsisi. Nilitaka kusikia kwa mdomo wa Bibi mwenyewe. Huenda Paulina kaiba. Niliomba Mungu awe kaiba.

Nilimkuta Bibi Mwaija barazani kwake anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo umekuja kuchukua nini?"

"Nimekuja kukusalimia tu."

"Bila mfuko?" Akanitazama juu mpaka chini. "Basi kuna mtu kafa. Nani?"

"Hakuna aliyekufa, Bibi. Yule Paulina, huwa anakuja hapa?"

"Mke mwenzangu? Mbona anakuja sana."

Ni kama alinimwagia uji wa moto kifuani. Mke mwenzangu ni jina langu! Marehemu babu alikuwa akiniita mke wake mdogo, na Bibi akawa ananiita mke mwenzangu, ananitania kwamba namwibia mume. Babu amezikwa, jina likabaki baina yetu wawili. Sasa limegawiwa kama pipi.

"Bibi, huyo si mjukuu wako."

"Ananipikia ugali. Ananikuna mgongo. Mvua ikimkamata huku analala hapa hapa, tunapiga hadithi mpaka jogoo anatukemea. Wewe mara ya mwisho ulilala hapa lini?"

"Nina kazi, Bibi."

"Kazi yako naijua. Shikamoo inatoka mdomoni, macho yako sandukuni. 'Bibi, hiki cha zamani? Bibi, hiki bado unakitumia?' Siku nikifa utaning'iniza mpaka meno yangu."

Nikacheka. Nilikuwa nalia, lakini nikacheka, maana Bibi anajua kusema na mimi ulimi huu nimeurithi kwake.

"Ulimpa nini, Bibi?"

Mikono yake ikasimama juu ya gunzi.

"Nilichompa hakisemwi."

Basi. Hakuiba.

"Nilikungoja wewe," akasema taratibu. "Nikasema akae siku mbili tatu, nitamwita. Hukukaa. Na mimi sina umri wa kungoja."

Mngekuwa nyie mngefanyaje? Mngepiga magoti, sijui. Mngesema, Bibi, zitoe huko ziliko kabla hazijakuaibisha. Mimi nilisikia jambo moja tu: hukukaa. Yaani kosa langu. Mimi niliyelipiwa ada kwa mbuzi wa babu ili niondoke, leo naambiwa niliondoka.

Nikajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Bibi, Jumamosi kuna sherehe Korogwe. Kadi yangu ni ya dabo. Twende wote."

Akashangaa. Akafurahi. Akafurahi kweli kweli, mpaka nikaangalia pembeni.

"Na mke mwenzangu atakuwepo?"

"Atakuwepo, Bibi. Tena mbele kabisa."

*

Ijumaa tukaziweka bangili mezani. Yangu ilikuwa na senti tano za tundu, magurudumu ya saa na tokeni ya shaba waliyolipwa wachuma chai zamani. Kazi ya kiume, imesimama. Catherine akaivaa, akaisifu, akaivua. Akavaa ya Paulina, hakuivua.

"Ya kwako nzuri, dada Mashavu," akasema. "Ila hii nikiivaa nasikia kulia."

"Basi lia nayo," nikamjibu, nikaiweka yangu mkobani.

Mama Gerald akamshika Paulina bega. "Jumatatu lete vyombo vyako upange kabatini." Hakuniangalia hata kidogo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Sare ya kitenge cha zambarau na njano, mapazia kila kona, MC Sabiri na koti lake linalometameta kama samaki. Nikamkalisha Bibi Mwaija mstari wa mbele. Alivaa gauni lake la Idi na kanga mpya niliyomnunulia. Kila aliyepita anampa shikamoo, naye anaitikia kama mke wa mkuu wa wilaya.

Ikafika zamu ya bangili.

"Mabibi na mabwana!" MC Sabiri akanguruma. "Bi harusi wetu leo havai dhahabu ya dukani. Anavaa ukoo! Fundi yuko wapi? Fundi, njoo utusomee huu mkono!"

Paulina akapanda jukwaani. Akaanza vizuri. Kifungo hiki ni cha koti la babu yake bi harusi, alilolivaa mashambani kwenye baridi ya Dindira. Heleni hii ya shangazi yake, mwenzake ilipotea siku ya ubarikio. Watu wanaitikia, mama wakubwa wanafuta machozi. Mimi nimeshika glasi ya soda kwa mikono miwili.

"Na hizi nyekundu katikati? Mbona zinaniita?" MC akauliza.

"Hizo nilipewa na bibi yangu wa hiari wa Kwamsisi. Na leo yupo hapa! Ni za zamani sana. Alizitunza mwenyewe."

"Bibi wa Kwamsisi, salute! Bi harusi, hebu ivue tuione. Wazee, pokezaneni, baraka hizo! Mzee Ramadhan, anza wewe!"

Mzee Ramadhan ni jirani yake Mama Gerald, mzaliwa wa Handeni kama sisi wa Kwamsisi, mzee mwenye heshima zake. Akaipokea. Akavaa miwani. Akaanza kuzipitisha zile shanga kidoleni, moja moja, polepole, huku anatikisa kichwa kama mtu anayekumbuka jambo tamu.

Kisha akalikumbuka.

"Lahaula!" Akaiachia juu ya meza kama kaa la moto, akajipangusa mkono kwenye koti. "Jamani! Hizi si za mkononi hizi!"

"Ni za wapi, mzee?" MC akauliza, kipaza sauti wazi.

Mzee Ramadhan akatazama dari.

Meza ya wanawake wa Handeni ndiyo iliyojibu. Mmoja akaziba uso kwa mtandio. Halafu mwingine akapiga kigelegele kisichokuwa cha sherehe. "Za kiunoni hizo! Weka chini, we Sabiri, usizishike!"

MC alikuwa ameshazishika.

Ukumbi ukapasuka. Wanaume wanacheka wameinamia meza, wanawake wanacheka na kuona haya, watoto wanauliza kuna nini. Na Paulina katikati ya taa, anageuka huku na huku. "Zimefanyaje? Jamani, zimefanyaje?"

Nilikuwa nimeisubiri dakika ile. Nilidhani itakuwa tamu. Ilikuwa tamu, sitawadanganya. Ila niligeuka kumwangalia Bibi, na Bibi alikuwa anajifunika.

Alijifunika kichwa chote kwa ile kanga mpya. Kisha akaifunua, akasimama, akatembea mwenyewe mpaka mbele. Kicheko kikafa meza kwa meza jinsi anavyopita.

Akaichukua bangili mkononi mwa MC, akaifunga kwenye pindo la kanga. Ndipo akamgeukia Paulina.

"Mwanangu, wewe hukufundishwa. Nilidhani unajua. Kosa ni langu."

"Bibi, sikujua, naapa! Nilimuuliza dada Mashavu kama zina ubaya, akasema hazina. Yeye ndiye aliyeniambia nizisogeze katikati, zionekane!"

Hakusema kwa ubaya. Paulina hajui kusema kwa ubaya. Alikuwa ananiita nimsaidie.

Macho ya ukumbi mzima yakahamia kwangu.

"Wewe ulifundishwa," Bibi akasema. "Ulizijua?"

"Nilizijua."

"Na ukanileta."

"Nikakuleta."

Kuna mtu nyuma akasema, "Huyo hafai." Mwingine akasema, "Mwacheni aseme." Catherine alikuwa ameketi mkono mtupu, wanja unamtiririka, na kamera ya video bado inazunguka.

Mama Gerald ni mfanyabiashara. Hata katika moto anaona pa kupita. Akanifuata mpaka kwenye kiti changu.

"Ile bangili yako iko wapi?"

Nikafungua mkoba, nikaitoa.

"Ona!" sauti ile ya nyuma ikadakia. "Kaja na ya akiba! Alijua mapema!"

Mama Gerald akainama, akasema kwa sauti ya chini, lakini MC Sabiri, mbea yule, alikuwa ameshasogeza kipaza sauti. Wote wakasikia.

"Nisikilize, Mashavu. Mwanangu hatatoka hapa mkono mtupu. Yako itavaliwa, na kabati ni lako, kama nilivyosema. Lakini sifanyi sherehe juu ya machozi ya mtoto wa watu. Simama, muombe Paulina radhi, hapa hapa, kila mtu asikie. Kisha nivalishie bi harusi wangu."

Kabati. Mnanielewa? Vioo vyake, taa yake ndogo ndani, jina langu juu. Kwa maneno mawili.

Bibi Mwaija akalikamata lile pindo la kanga.

"Aombe," akasema. "Aombe, na hizi nitajua pa kuzipeleka. Akiomba, mkononi mwake; akikataa, kaburini na mimi."

Paulina akanifuata, uso umelowa. Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo. Angenitukana, tungemalizana. Badala yake akanishika mkono. "Dada, sema tu. Mimi nimeshasamehe."

Ameshasamehe! Kabla hajaombwa, kabla sijafungua mdomo, ameshanitangulia na hapo! Ana mikono bora kuliko yangu, ana jina langu, ana bibi yangu anayemuita mwanangu mbele za watu, na sasa anataka awe na moyo bora pia, mbele ya kamera.

MC Sabiri akaniwekea kipaza sauti mdomoni.

Nikasimama. Nikanyoosha kitenge changu.

"Mama Gerald, kabati nalitaka," nikasema. "Bibi, shanga nazitaka, nimezitaka tangu sijajua kufunga kanga. Nilizijua, nikanyamaza. Nilimwambia azisogeze katikati. Nilikuleta wewe uone. Yote nimefanya mimi, kwa akili zangu timamu."

Nikamtazama Paulina usoni.

"Na radhi siombi."